Mtoto Mkaidi, au Milango ya Fahamu?

Lugha yetu inasema binadamu ana milango mitano ya fahamu: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Aliyechagua neno hilo "mlango" alichagua vizuri. Mlango ukiachwa wazi usiku kucha, kila kitu huingia, mbu, vumbi na makelele ya barabarani. Ukibanwa mno, hata mgeni uliyemwalika mwenyewe hubaki nje akibisha hodi bila kusikika. Juma hili, ndugu wasikilizaji, nataka tuzungumze juu ya watoto ambao milango yao haifunguki kama ya wenzao, na juu ya wataalamu ambao baadhi ya wazazi wa mijini huwalipa ili waje nyumbani kuwasaidia.

Watoto hawa mnawajua. Yupo anayelia kama anachunwa ngozi kila akivalishwa sare mpya, akidai kola inamkwaruza. Yupo anayeziba masikio na kukimbilia uvunguni blenda inapowashwa, au mvua inapoanza kupiga mabati. Yupo ambaye kumwosha kichwa kunataka watu wawili wa kumshika. Yupo anayekula wali mkavu na ndizi tu, na tonge la ugali likimgusa ulimi hulirudisha. Na upande wa pili yupo anayejigonga ukutani huku akicheka, anayezunguka kama pia bila kuona kizunguzungu, asiyetulia kitini hata dakika moja, na anayewakumbatia wenzake kwa nguvu mpaka wanalia.

Watoto hawa tumewapa majina mengi. Mkaidi. Mdekaji. Mwenye kisirani. Wengine wameambiwa wamepagawa, wakapelekwa kwa waganga. Mama wa mtoto huambiwa na mashemeji kwamba yeye ndiye aliyemharibu, na dawa inayopendekezwa haraka kuliko zote ni bakora. Hapo ndipo jambo hili linapokuwa zito. Mtoto anapigwa kwa sababu ya kuumia, na akipigwa anaumia zaidi, kisha anapigwa tena kwa kulia.

Tujiulize basi, ndani ya mtoto huyu kunatokea nini?

Chukua mfano wa mtu aliyekaa ndani ya daladala. Shati linamgusa mgongoni, kiti kinatetema, injini inanguruma, konda anagonga bodi, jirani yake amebeba kapu la samaki, na jua linampiga usoni. Hayo yote yanaingia kwa wakati mmoja. Lakini ubongo wake unayachambua. Mengi unayatupa, na moja unalishika, yaani sauti ya konda akitaja kituo chake. Sasa mfikirie mtu ambaye ubongo wake hautupi kitu. Kwake shati, injini, samaki na jua vyote vinapiga kelele kwa nguvu ileile. Mtu mzima wa namna hiyo angeshuka njiani akatembea kwa miguu. Mtoto hana uwezo huo, kwa hiyo hulia.

Tena milango si mitano tu. Ndani kabisa ya sikio, kila upande, kuna vijifereji vitatu vyenye majimaji, na hivyo ndivyo vinavyotuambia kichwa chetu kinapogeuka au kuzunguka. Hiyo ni fahamu ya mizani. Ipo pia fahamu ya misuli na viungo. Umeme ukikatika ukiwa unakula, tonge bado hufika mdomoni, wala halipotei njia likaenda sikioni. Hukuuona mkono wako, lakini ulijua ulipo. Mtoto ambaye fahamu hiyo ni hafifu huparamia vitu, huvunja penseli kwa kukandamiza, na hutafuta kugongwa na kubanwa ili aujue mwili wake ulipo.

Aliyeyakusanya mawazo haya na kuyajengea mbinu ya matibabu alikuwa mwanamke wa Kimarekani, A. Jean Ayres, aliyezaliwa California mwaka 1920 na kufariki mwaka 1988. Alikuwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo, kisha akasomea saikolojia mpaka shahada ya udaktari. Kitabu chake kikuu juu ya jambo hili kilitoka mwaka 1972. Fikra yake ilikuwa kwamba kabla mtoto hajaweza kusoma na kuandika vizuri, sharti ubongo wake uwe umejifunza kuziunganisha habari zinazotoka kwenye ngozi, misuli na mizani. Njia yake ya kumsaidia ilikuwa mchezo: bembea, mito, ngazi na mipira mikubwa, mtoto akiongozwa na hamu yake mwenyewe, na mtaalamu akimpandishia ugumu kidogo kidogo.

Pengine msikilizaji atauliza, tiba kwa vitendo ndiyo nini hasa? Si kumtafutia mtu ajira. Taaluma hii ilipata chama chake cha kwanza nchini Marekani mwaka 1917, na msingi wake ni kwamba mtu hupona na kusimama tena kwa kufanya zile shughuli zinazoyajaza maisha yake. Kwa mzee aliyepooza mkono, shughuli hiyo inaweza kuwa kufunga vifungo vya kanzu. Kwa mtoto ni kula, kuoga, kuvaa, kucheza, kulala na kukaa darasani. Hizo ndizo kazi zake. Akishindwa kuzifanya, mtaalamu hutafuta kizuizi kilipo, kisha hubadilisha kazi yenyewe, au mahali inapofanyiwa, au humzoesha mtoto hatua kwa hatua.

Sasa nisiwafiche jambo. Juu ya shida hii ya fahamu wataalamu wenyewe wamebishana kwa miaka mingi. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kiliwashauri wanachama wake wasiitumie kama jina la ugonjwa unaojitegemea, na wawaambie wazazi wazi kwamba ushahidi wa tiba yake bado ni mchache. Mwongozo wa magonjwa ya akili uliotolewa na madaktari wa Marekani mwaka 2013 uliitaja shida ya fahamu kuwa mojawapo ya dalili za usonji, lakini haukuipa nafasi yake peke yake. Kwa hiyo watoto wengi wenye usonji wanayo, na wapo wasio na usonji wanaoisumbukia vilevile. Mtoto anayechukia kola ya shati hana lazima ya kuwa na usonji.

Na tiba yenyewe je? Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliohusu watoto 32 wenye usonji. Waliopata tiba ya Ayres waliyafikia malengo yao binafsi kuliko wenzao ambao hawakuipata. Lakini mwaka 2022 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa zaidi uliofanyika Uingereza na Wales kwa watoto 138 wenye usonji na shida za fahamu. Huko tiba haikupunguza hasira na fujo za watoto kuliko huduma ya kawaida waliyokuwa wakipata wenzao. Hata yale mablanketi mazito yanayouzwa kwa bei ya kutisha yamepimwa. Katika utafiti wa Uingereza wa mwaka 2014, watoto 67 wenye usonji walipewa blanketi zito kwa muda, na la kawaida kwa muda mwingine. Usingizi wao haukuongezeka kwa blanketi zito, ingawa watoto na wazazi walilipenda zaidi.

Ukiyaweka hayo pamoja, unapata fundisho ambalo mzazi anaweza kulitumia. Anayekuahidi kwamba atautengeneza ubongo wa mtoto wako mpaka fujo zote ziishe, anaahidi asichokuwa na ushahidi nacho. Anayekuambia kwamba mtachagua jambo moja, kama kuoga bila vita, mlishughulikie kwa wiki chache na kulipima, huyo anasimama mahali penye nguvu zaidi. Fedha yako iende kwa huyu wa pili.

Niliwahi kumfuata mtaalamu wa namna hiyo, kwa ruhusa ya wenye nyumba, hapa Dar es Salaam. Mtoto alikuwa wa kiume, wa miaka sita. Nilitazamia kuona sanduku la vyombo, lakini dada yule alikuja na daftari tu. Alimkuta bibi wa mtoto ukumbini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Lakini nikwambie mapema, huyu hana ugonjwa. Amedekezwa."

"Inawezekana, bibi. Nawe ndiye unayemjua. Hebu niambie, akiachwa uani na ndoo ya maji achezee mwenyewe, hulia?"

"Thubutu! Ukimtoa hapo ndipo hulia."

"Na akimwagiwa kichwani?"

"Mtaa mzima hujua."

"Basi, bibi, maji hayaogopi. Anachoogopa ni maji yanayomjia asipoyatazamia."

Bibi alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba hata baba yake mtoto alikuwa hivyo hivyo utotoni. Tangu hapo alikuwa msaidizi mkubwa wa shughuli ile kuliko sisi sote.

Waliyoyapanga siku hiyo hayakuhitaji duka. Kopo likawa la mtoto mwenyewe, ajimwagie kwa mkono wake. Maji yakaanza miguuni na kupanda taratibu, kichwa kikawa cha mwisho. Mama akawa anahesabu kwa sauti mpaka kumi, na kwenye kumi maji yanakoma kweli, ili mtoto ajue mateso yana mwisho. Baada ya kuoga asisuguliwe kwa taulo, bali akandamizwe kwa khanga, kwa sababu watoto wengi wa aina hii huchukia mguso mwepesi wa kupapasa lakini huvumilia, na hata kupenda, mguso mzito uliotulia. Lebo ya shati ikakatwa, na sare mpya ikafuliwa mara kadhaa kabla ya kuvaliwa. Kila jioni kabla ya kuoga mtoto akapewa kazi ya nguvu: kubeba kidumu kidogo cha maji, kukanda unga wa chapati, kumsaidia bibi kukuna nazi. Mtaalamu alieleza kwamba kazi inayovuta misuli huwatuliza watoto wengi, na kwamba itaonekana kama inamtuliza na huyu.

Kisha likaja lile daftari. Kila usiku mama aliandika alama moja kati ya tatu: alioga bila kulia, alilia kidogo, alilia sana. Dada yule alirudi mara tatu tu katika miezi miwili. Mwishoni mwa muda huo mtoto alikuwa anaoga mwili bila machozi siku nyingi za juma. Kichwa bado kilikuwa na kilio. Sikuona muujiza. Niliona nyumba ambayo jioni zake zilikuwa zimepungua ugomvi, na mtoto ambaye hakuwa tena anashikwa na watu wawili.

Lakini kabla ya kumwita yeyote nyumbani, mpeleke mtoto hospitali. Mtoto asiyeitika jina lake apimwe masikio kwanza. Anayejigonga kwenye vitu apimwe macho. Anayechukia nguo huenda ana upele au ngozi kavu. Anayekula udongo asiambiwe ana shida ya fahamu kabla hajapimwa upungufu wa damu na minyoo. Anayeduwaa ghafla kwa nukta chache, kisha akaendelea kama hakuna kilichotokea, huenda ana aina ya kifafa ambayo ina dawa. Na mtoto aliyekuwa akisema maneno, kisha akayapoteza, apelekwe upesi bila kusubiri akue. Hayo hakuna bembea itakayoyatibu.

Ukisha kutoka hospitali na ukaamua kulipia mtaalamu binafsi, yako mambo matano ya kumwuliza, wala usione haya. Hata fundi wa bomba tunamhoji kabla ya kumfungulia mlango.

Kwanza, amesomea wapi? Tiba kwa vitendo ni taaluma ya miaka, na haipatikani kwa semina ya siku mbili. Hapa Tanzania, KCMC ya Moshi ni mahali ambapo wataalamu hao wamekuwa wakifundishwa. Wenzetu wa Kenya walitunga sheria mwaka 2017 ya mafunzo, usajili na leseni za wataalamu hawa, kwa hiyo mzazi wa Nairobi au Mombasa ana haki ya kuuliza leseni. Aliye na cheti halali hataudhika ukitaka kukiona.

Pili, lengo ni lipi? Likiwa "kuboresha fahamu", hilo halipimiki. Likiwa "avae sare bila kulia siku nne kati ya tano", hilo mama, baba na bibi wote wanaweza kulihesabu.

Tatu, tutajuaje kwamba imeshindikana? Ile kauli ya madaktari wa watoto ya mwaka 2012, niliyoitaja, ilisisitiza jambo hili pia: tiba iwe ya majaribio ya muda maalumu, na wazazi waweke kumbukumbu. Mwanzoni kabisa kubalianeni tarehe ya kukaa na kulifungua daftari. Kama hakuna kilichobadilika, mbinu ibadilishwe au malipo yakome.

Nne, jumla ni kiasi gani? Mara mbili kwa wiki kwa miezi sita ni mara 52. Chukua bei ya saa moja, izidishe kwa 52, ongeza nauli, ndipo uamue. Nimepata barua za wazazi waliouza shamba na pikipiki kwa ajili ya mtoto, na siwacheki, maana uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ninachosema ni kwamba hesabu ifanywe mwanzo. Kama una bima, uliza kwa maandishi kama inalipia kabla hujaanza. Tena mtaalamu anayekulazimisha ununue vifaa kwake yeye mwenyewe, mtilie shaka.

Tano, mimi nitakaa wapi wakati wa kazi? Jibu moja tu linakubalika: hapo hapo. Usimkubali mtu anayetaka kujifungia chumbani na mtoto wako, kwa sababu ya usalama wa mtoto, na kwa sababu wewe ndiye unayepaswa kujifunza. Saa yake ni moja, zako ni zote zilizobaki. Wala asimshike mtoto kwa nguvu akimlazimisha kugusa au kula anachokiogopa. Mtoto aliyelazimishwa hujifunza kuogopa zaidi.

Mzazi asiye na uwezo wa kulipa asikate tamaa. Hospitali kubwa za umma na za mashirika, Muhimbili ikiwamo, zina huduma ya tiba kwa vitendo, na hata ziara moja au mbili zinaweza kukupa mpango wa kuufanyia kazi nyumbani. Vyombo mnavyo. Bembea ya kamba kwenye mwembe, mkifungwa vizuri na mtu mzima akisimamia, ni bembea. Kinu, kibao cha mbuzi na ndoo ni vyombo. Chumba chenye pazia, mkeka na ukimya, ambamo mtoto anaweza kwenda mwenyewe anapozidiwa, pasipo kuwa mahali pa adhabu, kina thamani kuliko blanketi la dukani. Na kwa mtoto mchanga, mablanketi hayo mazito yasitumike kabisa, kwani yanaweza kumziba pumzi.

Walimu nao nawaomba jambo dogo. Mtoto anayeziba masikio wakati wa paredi anaweza kusimama mwisho wa mstari, mbali na ngoma. Asiyetulia kitini anaweza kutumwa kufuta ubao na kubeba madaftari. Hayo hayamgharimu mwalimu hata shilingi.

Sikatai kwamba wapo watoto wakaidi. Ukaidi upo tangu dunia iumbwe, na kila mtoto hujaribu mipaka. Njia ya kutofautisha haina siri kubwa. Mkaidi hutazama kama unamtazama, na hunyamaza akipata alichotaka. Mtoto aliyezidiwa na fahamu hulia hata pasipo mtu wa kumwona, na huendelea kulia hata ukimpa pipi. Mara nyingi mambo hayo mawili huchanganyika ndani ya mtoto mmoja. Ndiyo maana inafaa kuandika kwa wiki mbili yanapotokea: saa ngapi, mahali gani, kulikuwa na sauti gani, alikuwa amevaa nini, alikuwa na njaa au usingizi. Daftari la senti chache huonyesha mengi ambayo bakora haijawahi kuyaonyesha.

Usiku wa leo, kabla ya kumwogesha huyo mnayemwita mkaidi, mpe kopo alishike mwenyewe. Mwanzie miguuni. Hesabu mpaka kumi, na ukifika kumi, acha. Kisha uandike ulichokiona.